Inamsubiri Nani? Kutafuta Chanzo cha Linux Kuchelewa Kuwaka

Waandaaji wa mkutano huu, wenzangu mnaotumia Linux kwa mapenzi, na nyinyi mnaoitumia kwa sababu kazini hamkupewa hiari, hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie lalamiko ambalo kila anayesaidia watu na kompyuta amelisikia: "Mashine yangu inachukua dakika mbili kuwaka, na zamani haikuwa hivi." Sehemu ya pili ya lalamiko hilo ina maana kuliko ya kwanza, na ndiyo inayopitwa haraka. Kompyuta iliyokuwa ikiwaka kwa sekunde 20 mwezi uliopita haijazeeka kiasi hicho kwa mwezi mmoja. Kuna kitu kimebadilika. Lakini badala ya kukitafuta, mwenye mashine anaongeza RAM, au anafuta kila kitu na kusakinisha upya, au rafiki anamshauri ahamie distro nyingine, yaani toleo jingine la Linux, ile ambayo rafiki mwenyewe anaitumia. Wakati mwingine dawa hizo zinafanya kazi, na hapo ndipo balaa, kwa sababu hakuna aliyejua ugonjwa ulikuwa nini.

Ninachotaka kuwashawishi leo ni kimoja. Mashine inayochelewa kuwaka, mara nyingi, haina kazi kubwa inayoifanya. Prosesa imepumzika, taa ya diski haipepesi, na mfumo mzima umekaa ukingoja kitu ambacho hakiji. Kwa hiyo swali la kuanza nalo ni: inamsubiri nani?

Kusubiri kuna alama yake, nayo ni saa. Kazi halisi huisha kwa muda usio na mpangilio, leo sekunde 7, kesho 6 na nusu. Anayesubiri hukata tamaa kwa muda uliopangwa na mtu aliyeandika programu. Ukiona ucheleweshaji wa sekunde 90 kamili leo, kesho na keshokutwa, hapo kuna mtu aliandika namba 90 mahali fulani. Kwa systemd, programu inayoanzisha huduma zote Linux inapowaka, 90 ndiyo muda wa kawaida wa kungoja kifaa au huduma ianze. Sekunde 120 zinanukia systemd-networkd-wait-online, huduma inayongoja mtandao. Sekunde 30 au 60, kutegemea toleo, ni NetworkManager ikingoja mtandao. Sekunde 25 ni D-Bus, yaani programu moja imeiuliza nyingine swali na haikujibiwa. Sekunde 5, au 5 zinazojirudia, mara nyingi ni utafutaji wa jina kwenye DNS, huduma inayogeuza majina ya mtandaoni kuwa anwani. Mwenye kuzikariri namba hizi tano anaweza kukaa mbele ya mashine ya mtu na saa ya mkononi, bila kugusa kibodi, akawa tayari anajua aanzie wapi.

Sasa tushike kibodi. Amri ya kwanza ni `systemd-analyze`, peke yake, bila kitu kingine. Distro nyingi za mezani zinatumia systemd: Fedora tangu toleo la 15 mwaka 2011, Debian na Ubuntu tangu 2015. Amri hiyo inatoa mstari mmoja uliogawanya muda. Tuseme imekupa hivi: firmware sekunde 6, loader sekunde 3, kernel sekunde 3, userspace dakika 1 na sekunde 37. Jumla ni dakika 1 na sekunde 49. Firmware ni muda wa ubao mama wenyewe kabla Linux haijaingia mlangoni. Loader ni GRUB au mwenzake, programu inayoipakia Linux. Kernel ni kerneli, kiini cha Linux, na userspace ni huduma zote zinazofuata. Kwenye mashine za zamani zisizo na UEFI, yaani programu ya kisasa ya ubao mama, sehemu mbili za kwanza hazionekani kabisa, kwa hiyo usishangae zikikosekana.

Mstari huo mmoja unakuokolea kazi ya siku nzima. Nimewaona watu wakizima huduma moja baada ya nyingine, wakati mstari unasema wazi kwamba muda wote umeliwa na ubao mama kabla huduma yoyote haijazaliwa. Na amri ikikujibu kwamba mfumo bado haujamaliza kuwaka, ingawa wewe umeshaingia na unatumia kivinjari, hilo nalo ni jibu. Andika `systemctl list-jobs` utaona ni kazi gani bado imening'inia.

Katika mfano wetu tatizo liko kwenye userspace, na namba yenyewe inajisema: sekunde 97, yaani 90 za kungoja na 7 za kazi. Washa mashine upya, bonyeza Esc ile picha nzuri ya kuwakia ikitokea, na maandishi yatajitokeza. Utaona nyota nyekundu zikikimbia kushoto na kulia, na maneno "A start job is running for /dev/disk/by-uuid/" yakifuatiwa na mlolongo mrefu wa herufi na tarakimu, na pembeni saa inayopanda hadi 1min 30s.

Nakaa hapa kidogo, kwa sababu kisa hiki ndicho ninachokutana nacho kuliko vyote. Kila patisheni, yaani kipande cha diski, ina UUID, jina refu linalotolewa siku inapoumbizwa. Faili la `/etc/fstab` linaziorodhesha patisheni za kupachikwa kwa majina hayo. Mtu akiwa na Linux moja kwenye mashine, akaongeza ya pili pembeni yake, kisakinishi cha ile ya pili kinaikuta patisheni ya swap iliyopo (nafasi ya diski inayoisaidia RAM ikijaa), kinaiumbiza upya kwa ukarimu, na kuipa UUID mpya. Linux ya kwanza haijaambiwa. Inaendelea kulingoja jina la zamani, sawa na mwenyeji aliyesimama getini akimsubiri mgeni ambaye amekwisha kuingia kwa mlango wa nyuma akiwa na jina jingine. Baada ya sekunde 90 inakata tamaa na kuendelea bila swap, na kila kitu kinaonekana kizuri. Mwenye mashine hajui hata kwamba sasa anaishi bila swap.

Angalieni hapo kwenye "inaendelea". Swap ikikosekana, mfumo unaendelea kuwaka. Ikikosekana patisheni ya kawaida, kwa mfano diski ya pili ya data ambayo umeichomoa, baada ya zile sekunde 90 mfumo unakutupa kwenye hali ya dharura na kukuomba nenosiri la root, yaani msimamizi mkuu. Kwa hiyo mtu akisema "inachelewa lakini inawaka vizuri", mshukiwa wa kwanza awe swap, au kifaa kisicho cha lazima.

Tiba ni ya dakika chache. `lsblk -f` inakuonyesha UUID zilizopo kweli. Fungua `/etc/fstab` kwenye terminali nyingine, uzilinganishe, herufi kwa herufi. Isiyokuwepo irekebishe, au iwekee alama ya # mwanzoni mwa mstari. Kabla ya kuzima na kuwasha, endesha `findmnt --verify`, ambayo inasoma faili hilo na kukuambia palipo na kosa. Kosa la fstab linalogunduliwa sasa ni jambo dogo. Likigunduliwa mashine ikiwa imegoma kuwaka, siku imeharibika. Na ile diski ya nje ambayo leo ipo kesho haipo, iongezee neno `nofail` kwenye safu ya machaguo, pamoja na `x-systemd.device-timeout=5s`. Kwa `nofail` mfumo hauisubiri tena diski hiyo ndipo uendelee.

Kwenye Debian, Ubuntu na jamaa zao kuna sehemu ya pili ya kisa hiki ambayo wengi wanaisahau. Swap imerekebishwa kwenye fstab, userspace imeshuka, lakini sasa kernel inasoma sekunde 35, ilhali inapaswa kuwa 3 au 4. Wanaanza kuilaumu kerneli na kurudisha toleo la zamani. Kerneli imesingiziwa. Kabla ya mfumo mkuu kuna mfumo mdogo wa awali, initramfs, na kwenye distro hizo muda wake unahesabiwa ndani ya kernel. Huo nao ulirekodi UUID ya swap, ili uweze kuamsha kompyuta iliyolazwa kwa kuhifadhiwa kwenye diski. Unaingoja takriban sekunde 30, kisha unaandika kwamba umechoka kusubiri "suspend/resume device". Jina la zamani limeandikwa katika `/etc/initramfs-tools/conf.d/resume`. Weka jipya, au kama hujawahi kuilaza mashine kwa namna hiyo andika `RESUME=none`, halafu `update-initramfs -u`. Hatua hiyo ya mwisho isirukwe, maana bila yake ulichobadilisha ni karatasi tu.

Humohumo kuna jambo la kuchekesha. Kama diski yako imefungwa kwa LUKS, usimbaji fiche wa diski, muda unaoutumia kutafuta miwani na kuandika nenosiri nao unaingia kwenye hesabu. Vivyo hivyo muda wa kukaa kwenye menyu ya GRUB ukiwaza uchague ipi. Kuna waliokuja kulalamika na sehemu kubwa ya ucheleweshaji ilikuwa wao wenyewe.

Twende kwenye mtandao. Huduma inayoitwa `NetworkManager-wait-online.service` ina kazi moja tu, kusimama mpaka mtandao upatikane. Kwenye seva inayopachika mafaili kutoka seva nyingine hiyo ni busara. Kwenye kompyuta ya mezani ya nyumbani, ambapo mtu anataka kuona skrini ya kuingilia kisha Wi-Fi ijitafute yenyewe, mara nyingi haina faida. Lakini msiizime kwa kusikia mimi nimesema. Ulizeni kwanza nani anaihitaji: `systemctl list-dependencies --reverse network-online.target`. Ikionekana huduma isiyo ya maana, kwa mfano programu ya kuangalia masasisho, izime hiyo ya kusubiri kwa `systemctl disable`. Ukikuta folda ya mtandao iliyo kwenye fstab, usizime. Iongezee folda hiyo `x-systemd.automount`, ili ipachikwe siku utakapoifungua na si kila asubuhi.

Hapa nitaje amri inayopendwa kupita kiasi, `systemd-analyze blame`. Inapanga huduma kwa muda zilizochukua, ndefu zaidi juu. Inaonekana kama orodha ya wahalifu, na jina lenyewe linachochea. Watu wanaichukua, wanaanzia juu, wanakata. Wanazima udisks2, kisha wanauliza kwa nini flashi hazifunguki. Wanazima ModemManager, na mwezi mmoja baadaye modemu ya USB haionekani.

Shida ni kwamba systemd huanzisha huduma nyingi kwa pamoja. Huduma iliyochukua sekunde 12 pembeni, huku wewe umeshafika kwenye eneokazi, haijakuchelewesha hata nukta. Na huduma inaweza kuonekana na sekunde nyingi kwa sababu yenyewe ilikuwa inamsubiri mwingine. `plymouth-quit-wait` ni mfano mzuri: kazi yake ni kungoja mfumo umalize ili picha ya kuwakia iondoke, kwa hiyo kila mwingine akichelewa, huyu anaonekana mzembe. Halafu zipo huduma za aina ambayo systemd inazihesabu kuwa zimeanza papo hapo mchakato wake ukizaliwa. Hizo hata zikihangaika dakika nzima ndani kwa ndani, blame haiziandiki.

Mimi naanza na `systemd-analyze critical-chain`. Hii inachora mnyororo mmoja tu, ule ambao kila kiungo kilimshika mwenzake hadi mwisho. Mbele ya kila jina kuna alama mbili: @ inaonyesha ni sekunde ya ngapi huduma ilikuwa tayari, na + inaonyesha ilichukua muda gani yenyewe. Soma kutoka chini kwenda juu, tafuta + kubwa. Ukitaka kuona picha nzima, `systemd-analyze plot > boot.svg`, kisha ifungue kwenye kivinjari. Nafasi tupu kwenye mchoro ule, mahali ambapo hakuna mstari unaoanza wala unaoisha, zinasema mengi kuliko mistari yenyewe.

Si wazo jipya kuchora. Bootchart, programu ya kuchora hivyohivyo, ilikuwepo tangu 2004, kabla systemd haijafikiriwa. Na mwaka 2008, kwenye Linux Plumbers Conference, Arjan van de Ven na Auke Kok wa Intel waliwasha Eee PC, kompyuta ndogo na dhaifu hata kwa viwango vya wakati ule, kwa sekunde 5. Walichofanya ni kugawa bajeti: sekunde 1 kwa kerneli, 1 kwa hatua za awali, 1 kwa X (mfumo unaochora skrini), 2 kwa eneokazi. Kilichozidi bajeti yake kilirekebishwa au kilitupwa. Nalitaja hili kwa sababu wengi bado wanaamini kuwaka haraka ni suala la kununua prosesa kali.

Kuna kisa kingine napenda kukisimulia, ingawa kwa kerneli za leo kimepita. Mwaka 2018 kerneli ilikazwa kuhusu namba za nasibu zinazotumika kwenye usimbaji fiche. Programu ikiomba namba hizo kabla kerneli haijakusanya bahati nasibu ya kutosha, yaani matukio yasiyotabirika, inasimamishwa. Ghafla kompyuta nyingine zikawa zinakwama na skrini nyeusi kabla ya GDM, ile skrini ya kuingilia, muda usiotabirika. Mwenye subira duni anaanza kusukuma kipanya kwa hasira, na tazama, skrini inaamka! Hasira ile ilikuwa dawa kweli, kwa kuwa mienendo ya kipanya na kibodi ni mojawapo ya vyanzo vya bahati nasibu hiyo. Kerneli 5.4 ya mwaka 2019 ikaja na njia ya kujizalishia yenyewe, na tatizo likaisha kwa wengi. Ukikuta mashine ya zamani yenye dalili hiyo, tafuta "crng init done" kwenye `dmesg`, amri inayoonyesha ujumbe wa kerneli, uone ilitokea sekunde ya ngapi.

Sasa nikubali kwamba zipo mashine ambazo kweli zinafanya kazi, na zinaifanya polepole. Hapo mtuhumiwa ni diski. Diski ngumu ya sahani zinazozunguka inaweza kusoma sehemu zilizotawanyika kiasi cha mia moja hivi kwa sekunde. SSD inasoma maelfu kwa maelfu. Kuwaka ni kusoma mafaili madogo mengi yaliyotawanyika, kwa hiyo hapa kuibadilisha diski kunasaidia kweli, na sina maneno ya kulipinga hilo. Kama SSD haipatikani kwa sasa, punguza mzigo: `journalctl --disk-usage` ikionyesha logi za gigabaiti kadhaa, `journalctl --vacuum-size=200M` itawasaidia wenye diski ngumu.

Lakini kabla ya kuilaani diski kwa uzee, isikilize. Endesha `journalctl -k -b -o short-monotonic` na utazame saa upande wa kushoto. Macho yaruke maneno, yafuate saa tu, hadi uone pengo. Mstari mmoja sekunde ya 3, unaofuata sekunde ya 13. Kilicho kabla na baada ya pengo ndicho cha kusoma. Ukikuta "link is slow to respond, please be patient", diski haiitikii ipasavyo ikiitwa. Hapo leta `smartctl -a`, amri inayosoma afya ya diski. Ikiwa UDMA_CRC_Error_Count inapanda, zima, badilisha kebo ya SATA, maana kosa liko njiani na diski yenyewe huenda ni nzima. Ikiwa Current_Pending_Sector si sifuri, acha habari za kasi kabisa. Nakili data zako usiku huohuo, kisha tutazungumza.

Upande wa ubao mama nitapita haraka. Firmware ikizidi sekunde 15 au 20, ingia kwenye mipangilio ya UEFI, zima kuwaka kupitia mtandao kama hukutumii, chomoa vifaa vya USB kimoja kimoja, na weka diski ya mfumo iwe ya kwanza kwenye foleni. Mashine zenye DDR5 zinaweza kukaa na skrini nyeusi muda mrefu mara ya kwanza baada ya kubadilisha RAM, zikijipima. Ziacheni. GRUB ni `GRUB_TIMEOUT` ndani ya `/etc/default/grub`, kisha `update-grub` au, kwenye Fedora, `grub2-mkconfig`. Msiweke 0 kabisa. Siku kerneli mpya ikikataa kuwaka mtaihitaji menyu ile.

Limebaki lalamiko moja ambalo systemd-analyze ya kawaida hailioni: skrini ya kuingilia inakuja haraka, unaandika nenosiri, halafu eneokazi linakuwa tupu nusu dakika, au terminali ya kwanza inagoma kufunguka. Kumbukeni namba 25. Mara nyingi xdg-desktop-portal, huduma inayopatanisha programu na eneokazi, inaitwa, inashindwa kuanza, na kila programu inayoiuliza inangoja ukomo wa D-Bus. `systemctl --user --failed` itakutajia jina. Tengeneza mtumiaji mpya wa majaribio uingie naye. Akifika haraka, basi mfumo ni mzima na kasoro imo ndani ya folda yako ya nyumbani, pengine kwenye `~/.config/autostart`, ambako kila programu uliyoijaribu miaka iliyopita imeacha mwanawe.

Mtakuja na swali kuhusu kushusha ukomo wenyewe, yaani kuweka `DefaultTimeoutStartSec=10s` kwenye system.conf na kumaliza habari. Kwa huduma inafanya kazi, na sipendi. Kile kinachosubiriwa bado hakipo, umeondoa tu kengele, na huduma halali inayohitaji sekunde 15 kwenye diski ya polepole itauawa katikati. Kwa kompyuta ya maonyesho sawa. Kwa ile yenye kazi zenu, hapana.

Wenye kompyuta mpakato humu ndani, fungueni terminali muendeshe `systemd-analyze` na `critical-chain`. Mwenye namba mbaya kuliko wote aje mbele na kebo ya projekta, tuanze na yake.